Mwaka wa Saba

Amtulla alikuwa na maoni yake kuhusu safari ya binti yake, na hakuyameza.

"Siku nne unapanda mlima, unalala kwenye hema, meno yanagongana, ili ukatazame barafu," alimwambia Fariha akifunga mkoba. "Ungefungua friji tu, mwanangu. Ungepumzisha na miguu."

Hata hivyo ni yeye aliyezunguka madukani siku mbili kutafuta soksi za sufu, maana Mombasa ukimuuliza mtu soksi za sufu anakutazama kama umeugua. Alipata jozi tatu. Alizitupa juu ya mkoba bila neno.

Fariha alikuwa na miaka ishirini na mbili, na alikuwa amejiunga na kundi la wapanda mlima wa kujitolea. Kazi yao ilikuwa hivi: kila mmoja anachukua picha ya zamani ya barafu ya Mlima Kenya, anapanda nayo, anatafuta mahali pale pale aliposimama mpiga picha wa kwanza, kisha anapiga yake. Ukiziweka picha mbili ubavu kwa ubavu, hata mtoto anaona barafu imepungua kiasi gani. Wataalamu ni wachache na hawawezi kufika kila pembe ya mlima. Watu wa kawaida wenye miguu mizima na simu wanaweza.

Picha ya zamani aliipata hapo hapo nyumbani kwao, mtaa wa Kuze, kwenye sanduku la bati la babu yake. Mzee Huzefa, baba yake Amtulla, alikuwa na studio ya picha karibu na Ngome ya Yesu kwa miaka arobaini, hadi alipoifunga mwaka 2009. Mlima hakupata kuupanda maishani mwake. Ila mteja mmoja, mwalimu wa kutoka bara aliyeitwa Odera, aliwahi kumletea filamu aisafishe, na ndani yake mlikuwa na picha moja iliyompendeza sana mzee: bonde limejaa barafu kutoka ukingo hadi ukingo, na mtu mdogo amesimama mbele yake kama punje ya mchele. Akaomba ruhusa, akajichapishia nakala yake. Nyuma aliandika kwa mkono wake siku aliyoisafisha filamu: 9/7/07.

"Mwaka wa saba, Nana?" Fariha alimuuliza, akimwita kwa jina wanalomwita babu mzaa mama.

"Naam," akajibu mzee. "Mwaka wa saba."

Basi Fariha akajaza fomu: Julai, 2007. Akapanda, akaliona jiwe lenye ufa kama lilivyo pichani, akasimama, akapiga. Mbele yake palikuwa na mawe matupu, na kipande cha barafu chenye rangi ya maji ya kufulia kimejibanza kivulini. Alirudi ngozi ya pua imebabuka, na wiki nzima hakuzungumza jingine.

Simu ilipigwa Jumatano saa nne asubuhi. Amtulla alikuwa amepanda nyumbani kutoka dukani kwake ghorofa ya chini, anakouza mabomba na misumari, kuja kumpa babake dawa. Fariha aliweka simu kwenye spika bila kufikiri, akidhani ni habari njema.

Alikuwa Ndinda, msimamizi wa kundi, kutoka Nairobi. Alisalimia vizuri.

"Fariha, kuna tatizo na ile picha yako ya zamani. Tunazo picha nyingine tano za 2007 za mahali hapo. Barafu ya kwenye picha yako ni karibu mara mbili ya ile ya kwenye hizo tano."

"Labda pembe ni tofauti."

"Tuliangalia pembe. Halafu kuna vivuli. Mwezi wa saba jua huwa upande wa kaskazini wa mlima, kwa hiyo kivuli cha adhuhuri kinaangukia kusini. Kwako kimeangukia kaskazini. Wenzangu wanasema picha imechezewa. Mimi sisemi hivyo, lakini lazima niulize. Aliyeichapisha alikuwa fundi wa studio, sivyo? Hawa mafundi wa zamani walikuwa wakitengeneza picha kwa brashi."

Fariha alitazama upande wa kiti cha babu yake. Mzee Huzefa alikuwa na kikombe cha chai mkononi na alikuwa amesikia kila neno.

"Mna hadi Ijumaa," alisema Ndinda kwa upole. "Bila maelezo itabidi tuiondoe, na tuandike sababu. Pole sana."

Simu ilikatika. Chini mtaani mkokoteni ulipita ukigongagonga mawe, mwenyewe akipiga kelele za "Sabili!" apishwe njia. Kama kuna kitu Amtulla alikuwa hakiwezi, ni kunyamaza mbele ya jambo linalotaka kujibiwa. Dukani kwake mteja akisema bomba linavuja, swali la kwanza ni moja: lilivuja lini, nani alilikaza?

"Bawaji," alimwambia babake, "uliongeza barafu?"

"Mama!" Fariha akaruka.

"Namuuliza yeye, sikuulizi wewe. Bawaji, watu wote wa mtaa huu wanajua ulivyokuwa. Bibi harusi wa marehemu Sheikhan alikuwa na kovu shavuni, kwenye picha halimo. Ulimvisha saa mtu ambaye hakuwa na saa. Mawingu uliyatia mwenyewe. Sasa barafu je?"

Mzee aliweka kikombe chini polepole. Alikuwa na miaka themanini na mmoja na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini macho yalikuwa bado ya fundi.

"Saa nilimvisha kwa sababu aliniomba," alisema. "Alikuwa anampelekea mamake picha."

"Sikuuliza saa."

"Najua hukuuliza saa." Sauti yake ikawa ndogo. "Sikumbuki, Amtulla. Sidhani. Lakini nimeshika brashi miaka arobaini, nimetia weupe kwenye vitambaa, kwenye meno, kwenye bahari. Huenda siku ile niliona doa nikaliziba. Huenda niliziba zaidi ya doa." Akamgeukia mjukuu wake. "Waandikie waitoe. Usije ukaonekana mwongo kwa ajili yangu."

Aliinuka, akaenda chumbani kwake, akaufunga mlango taratibu. Chai ilibaki.

"Umefurahi sasa?" Fariha alisema, macho yamejaa machozi. "Alikuwa anajivunia, Mama. Kila anayekuja hapa anaonyeshwa. Mpaka muuza samaki ameonyeshwa! Ungeweza kumuuliza kama mtu."

"Nimemuuliza kama mtu. Mtu mzima."

"Umemuuliza kama mteja aliyerudisha bomba."

Hilo lilimchoma, na kwa kuwa lilimchoma alitafuta kazi ya mikono. Alilivuta sanduku la bati katikati ya sebule, akaketi sakafuni, akaanza kutoa picha moja moja. Kama mzee alikuwa na tabia ya kutia weupe kwenye picha za milima na mawingu, itaonekana kwenye picha nyingine, na angalau watajua. Kama hakuwa nayo, pia watajua. Kukisia alikuwa hakuwezi.

"Lete ile miwani yangu," aliamuru. "Na acha kulia, unalowesha picha."

Zilikuwa picha za kila namna: maharusi, wanafunzi wa madrasa wamejipanga kwa kimo, mabaharia wa Kigoa, mtoto analia juu ya farasi wa mbao. Brashi ilionekana, ndiyo, kwenye nyuso na nguo, kazi safi ya nywele moja moja. Kwenye mandhari haikuwepo. Bandari ilikuwa bandari na anga ilikuwa anga. Hata mawingu, alipoyatazama vizuri, yalikuwa ya ukuta uliochorwa wa studio. Fariha aliketi karibu naye bila kupatanishwa, akawa anageuza picha na kusoma migongo.

"Hii ni wewe na Baba," alisema. "Arusi yenu. Mbona ameandika uongo? Kumi na saba, mwezi wa kumi na mbili, ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili gani?"

"Hajaandika zaidi. Ishirini na mbili tu. Desemba 2022."

"Desemba 2022 nilikuwa nagombana na wewe uende chuo. Sikuwa bibi harusi. Lete hapa."

Alisoma mwenyewe: 17/12/22. Mkono wa babake, ile saba yake yenye mstari katikati. Amtulla aliolewa mwanzoni mwa Machi, 2002. Tarehe ile aliikumbuka kwa kalenda mbili, kama kila mtu wa jamaa yao ya Kibohora, Waislamu wenye asili ya Kihindi: ile ya kawaida, na ile ya kwao, ya Hijria, inayotundikwa jikoni na kuhesabiwa kwa siku na miezi yake yenyewe. Kumi na saba Zilhaji. Mwezi wa kumi na mbili. Mwaka elfu moja mia nne ishirini na mbili.

Aliishusha picha mapajani.

"Fariha. Ulimuuliza nini kuhusu ile ya mlima? Sema maneno yenyewe."

"Nilimuuliza, mwaka wa saba, Nana? Akasema naam, mwaka wa saba."

"Wa saba wa nani?"

Fariha alimtazama mamake, kisha akatazama picha, kisha akafunika mdomo kwa kiganja. "Mia nne na saba," alisema. "Elfu moja mia nne na saba. Mama, mwezi wa saba ni Rajabu."

"Hesabu."

Msichana alishika simu, akaigeuza tarehe iwe ya kalenda ya kawaida. "Machi. Mwanzo wa Machi, 1987."

Amtulla hakungoja Ijumaa. Alimpigia Ndinda palepale, akiwa bado sakafuni, miguu imetandazwa na picha za maharusi wa watu zimemzunguka.

"Mimi ni mamake Fariha. Hiyo picha si ya 2007. Ni ya 1987, mwezi wa tatu. Babangu nakala zake mwenyewe aliziandika tarehe za kwetu za Kiislamu, na sisi hapa nyumbani tukazisoma kama za kalenda ya kawaida. Kosa ni letu, si la mzee. Sasa niambie, Machi jua liko wapi?"

Ilisikika sauti ya karatasi zikifunuliwa.

"Mapema Machi liko kusini bado," Ndinda alisema taratibu. "Kivuli kinaangukia kaskazini." Kisha akacheka, cheko la mtu aliyetua mzigo. "Mama Fariha, nitumieni mgongo wa picha, na nyingine mbili tatu alizoandika hivyo, ili tuwe na ushahidi. Tuna picha chache mno za miaka ile. Lakini unaelewa maana yake? Barafu yote ile ilikuwepo. Hakuna aliyeiongeza."

"Naelewa," Amtulla alisema. Alikuwa ameelewa kabla ya kuulizwa, na furaha yake ilikuwa na kitu kizito ndani.

Kilichobaki kilikuwa kigumu kuliko simu. Alipasha chai upya, akatia iliki, akagonga mlango wa babake. Mzee alikuwa ameketi kitandani na kofia yake kichwani, kama mtu aliye safarini.

"Bawaji, mwaka wa saba ni mia nne na saba."

Alimtazama kana kwamba amemwambia maji ni maji. "Sasa mlidhani ni upi?"

Fariha, nyuma ya mamake, alicheka puani.

"Hukuongeza kitu," alisema Amtulla. "Na mimi nimekukosea. Nilikuuliza vibaya, mbele ya mtoto."

"Ulinikosea," mzee alikubali. Akapokea kikombe, akanywa, akakitazama. "Sukari umesahau."

"Daktari amekataza."

"Basi nitakusamehe baada ya chakula cha mchana."

Fariha alipenya kati yao, akaziweka picha mbili juu ya shuka: ya mwalimu Odera, na yake mwenyewe, aliyoichapisha siku aliyorudi. Jiwe lenye ufa lilikuwa lile lile katika zote mbili. Mzee Huzefa alivaa miwani, akainama. Alitazama ya kwanza, akatazama ya pili, akairudia ya kwanza. Kidole chake kilifuata ukingo wa bonde mahali ambapo zamani palikuwa na weupe na sasa palikuwa na mawe.

"Yote haya yameondoka?" aliuliza.

"Ndiyo, Nana."

Kisha akaigeuza picha ya mjukuu wake na kukuta mgongo mtupu. Akanyoosha mkono kuomba kalamu, lakini alipoishika ilicheza sana, akamrudishia.

"Andika wewe," alisema. "Tarehe zote mbili, ya kwetu na ya kwao. Na mwaka uandike wote, Fariha, tarakimu zote nne. Atakayekuja na picha hii hatakuwa na wa kumuuliza."