Safari ya Saa Tatu

Jumatatu asubuhi mkatisha tiketi alifuta kaunta, akawasha kompyuta, akaona safari ya ndege kwenda mji anaoishi mwanawe imepungua kutoka saa tatu hadi mbili na nusu. Akamweleza mteja wa kwanza. Mteja akasema afadhali, maana viti vyenyewe vinaumiza mgongo.

Miji ilikuwa inasogeleana. Kufikia mwisho wa mwezi, wahudumu wa ndege walikuwa wanagawa chai kabla ya kupaa, la sivyo abiria wangeshuka na vikombe mkononi. Nauli, kama kawaida yake, haikushuka.

Nyumbani, mumewe alikuwa hoi kitandani tangu apooze upande mmoja. Kila jioni aliuliza jambo lilelile: mtoto anakuja lini? Alikuwa mtoto wao wa pekee, na mzee alitaka kumtia machoni kabla hajafa. Mtoto naye hakuwa mvivu wa kupiga simu. Alisema angekuja, ila ni mbali na kazi zimembana.

Ijumaa moja ndege haikupaa kabisa. Iligeuka palepale uwanjani, ikateremsha ngazi, abiria wakashuka wamefika. Jioni hiyo jengo analoishi mtoto likawa ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha la mgonjwa. Mzee akaegemezwa mito, akamwona mwanawe akianika mashati.

"Amekonda," akasema, akaendelea kungoja.

Siku zikapita bila hodi. Mwishowe mama akajitanda kanga, akavuka barabara, akagonga mlango. Mtoto alifurahi mno. Alimpokea mkoba, akampa pole ya safari, akamtandikia kitanda apumzishe miguu.

"Baba yako anakuona kutoka dirishani," mama akamwambia. "Njoo hata dakika tano."

"Nitakuja, mama. Nikipata likizo tu. Si unajua kulivyo mbali?"

Mama akachukua mkoba wake. Alirudi ng'ambo, akamwambia mumewe kwamba mtoto anamsalimia sana.

Mzee alikata roho alfajiri, uso umeelekea dirishani. Mama akapiga simu. Mtoto alilia, kilio cha kweli kinachotoka moyoni. Kisha akafunga dirisha lake, kwa sababu sauti za waombolezaji zilimzuia kumsikia mama yake vizuri. Akasema hata akikata tiketi sasa hivi hatawahi, wazike tu.

Mchana shemeji yake mama, mdogo wa marehemu, alikuja kumnong'oneza: wamngoje kijana au vipi? Kutoka pale uani wote walikuwa wanamwona, amesimama nyuma ya pazia na simu sikioni.

"Msimngoje," mama akasema. "Anatoka mbali."

Watu wakaafiki, wakanyanyua jeneza.