Goti la Eilif na Theluji ya Saa Nne

Kitabu cha majina ya wapandaji kilikaa ndani ya kopo la bati kileleni mwa mlima, chini ya rundo la mawe, na kwa miaka kumi na moja jina la kwanza la kila Pasaka lilikuwa la Eilif. Mwaka huu kijiji kizima kilisema basi. Mwezi wa tisa uliopita alikuwa ameanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka, kano ya goti la kushoto ikakatika. Alipasuliwa, akashonwa, na daktari hakuzunguka: ikikatika tena, mbao zako za kutelezea thelujini mpe mtu mwingine.

Eilif alimwambia mkewe, Randi, anakwenda kunyoosha miguu mahali tambarare, kando ya ziwa. Alfajiri alikuwa mlimani peke yake, amebandika vitambaa vya manyoya chini ya mbao ili ving'ang'anie theluji, anapanda huku akilaani.

Theluji ya Aprili ina saa zake. Asubuhi ni ngumu kama sakafu. Saa nne jua limeilainisha juu kidogo tu, na hapo ndipo mtu huteleza akiimba. Saa sita imekuwa uji, na uji huvunja magoti mazima, sembuse lililoshonwa. Miaka yote Eilif alifika kileleni saa tatu. Leo saa nne ilimkuta bado hajafika, mawe ya kilele anayaona, goti linapiga kama nyundo.

Nyuma yake akasikia mbao zikikwaruza. Alikuwa Borghild, jirani yake, mwanamke wa miaka sabini.

"Kijana! Umeegesha?"

"Napumzika, Bi Borghild."

"Unapumzika tangu nilipokuwa kule kwenye miti. Nilidhani ni jiwe."

"Kilele kile pale. Dakika arobaini tu."

"Kwangu ishirini. Wewe ukienda kwa mwendo huo utashukia kwenye uji. Mimi nashukia kaskazini, kivulini kule kwenye mteremko mkali, na magoti yangu hayajaguswa na kisu."

"Kwa hiyo unaniacha?"

"Ningekusubiri, lakini miaka kumi na moja hujawahi kunisubiri." Akapita, wala hakuhema.

Kwao mtoto hufundishwa kwamba kugeuka mlimani kabla ya kilele si aibu. Wakubwa husema hivyo kuhusu watu wengine. Eilif aliutazama mgongo wa Borghild ukipungua, akalitazama jua, akatoa tusi lisilofaa Pasaka. Kisha akabandua vitambaa, akaanza kuteleza kushuka.

Kukata kona ya kushoto kulikuwa rahisi, maana uzito huenda mguu wa kulia. Alikata. Lakini anayekata kushoto tu huishia korongoni, na korongo lilikuwa linakuja mbio. Ilibidi akate kulia, auegemee mguu ule wa kushoto. Akakaza meno, akaegemea.

Goti likalalamika. Likakaa imara.

Akakata tena, na tena. Theluji ilikuwa laini kama siagi iliyoachwa mezani, inamwagika pembeni kwa mlio wa shii. Mara ya kumi alikuwa anapiga kelele kama ng'ombe aliyefunguliwa zizini baada ya miezi saba ya baridi.

"Punguza sauti!" Borghild alifoka kutoka juu. "Utaangusha mlima!"

Chini, kwenye miti, aliketi juu ya mkoba, akalikanda goti. Limevimba, lakini linakunjika. Simu ikalia.

"Uko wapi?" aliuliza Randi.

"Mlimani."

"Nilijua. Umefika kileleni?"

"Sikufika. Theluji ilikuwa inaharibika, nikageuka."

"Umegeuka? Wewe mwenyewe? Hakuna aliyekushika?"

"Mimi mwenyewe."

"Sikiliza, bwana," Randi akasema, "sijui wewe ni nani, lakini hiyo simu ni ya mume wangu. Hebu mpe niongee naye."