Kizibo cha Boti ya Mbele

Pale kwenye mteremko wa kushushia boti, kila mtu alijua kwamba Shwari na wifi yake ni chanda na pete. Ukiona pikapu ya mmoja inashuka na trela nyuma, geuza shingo tu, ya mwenzake inafuata. Watu walishangaa, maana mawifi waliowazoea ni wale wasiopikika chungu kimoja.

Shwari halikuwa jina lake. Wifi ndiye aliyembandika, kwa sababu hakuwahi kumsikia akipandisha sauti. "Wewe wifi yangu," alikuwa akimwambia, "hata nyuki akikuuma utamwomba radhi kwa kumsumbua."

Baba mkwe wa Shwari alipofariki aliacha boti mbili, moja kwa mwanawe wa kiume na moja kwa binti. Mtoto wa kiume akapata kazi mbali, akaenda zake, boti ikabaki kwa mkewe. Na Shwari, mpaka siku ile, kazi yake kwenye boti ilikuwa kukaa katikati na kukumbatia mkoba usilowe. Wifi ndiye aliyemshika mkono. Alimpeleka uwanjani, akapanga madumu matupu mistari miwili, akamwambia arudishe trela kinyumenyume katikati yake.

"Shika usukani hapa chini. Mkono ukienda kushoto, trela nayo inakwenda kushoto. Usiniangalie mimi, angalia kioo. Mimi si mzuri kiasi hicho."

Madumu yaligongwa, yakasimamishwa, yakagongwa tena, na wifi hakuchoka. Alicheka mpaka akakaa chini, lakini hakuchoka. Na trela ilipokubali, akamfundisha adabu za mteremko, akisema kuendesha boti anaweza hata mlevi, ila ustaarabu wa mteremko si wa kila mtu. Matayarisho yote unafanyia juu, kwenye uwanja, si kwenye saruji. Mizigo ipakie huko, mikanda ifungue huko, kamba zifunge huko. Ikifika zamu yako, shuka, sukumia boti majini, ifunge gatini, ondoa gari lako haraka, mwenzako ashuke. Wakati wa kutoka usilazimishe boti ipande trela kwa nguvu za injini, maana pangaboi linachimba shimo pale saruji inapoishia, kesho gurudumu la mwenzako litumbukie humo. Na mwenye matatizo hupishwa, awe nani, awe wapi.

Juu ya hayo yote kulikuwa na swali. Wa nyuma kwenye foleni humuuliza wa mbele: "Kizibo?" Wa mbele anainama, anagusa kwa kidole, anajibu: "Kipo." Kizibo chenyewe ni kidude cha shaba, unene wa kidole gumba, kinafungwa kwenye tundu chini kabisa nyuma ya boti. Nchi kavu unakifungua ili maji yatoke. Ukisahau kukirudisha, ziwa linaingia ndani bila kubisha hodi. Kwa hiyo pale hata watu waliokasirikiana, wasiosalimiana, waliulizana. "Kizibo?" "Kipo." Halafu wakaendelea kununiana.

Sasa kliniki ya ng'ambo ikatangaza inatafuta boti ya kuwavusha wauguzi na dawa kila wiki. Kwa Shwari habari hiyo ilikuwa ya kufa na kupona. Mumewe alikuwa ameshasema kwenye simu, kwa upole lakini akasema, kwamba boti isipopata kazi ya kudumu wataiuza. Shwari alimweleza wifi yake jambo hilo huku machozi yakimlengalenga.

"Iuzwe nani aone?" wifi aliruka. "Omba kazi ya kliniki. Mimi nina abiria wangu wa soko, wananitosha mpaka kichwa kinauma. Hii ni yako, wifi. Nitakushikia kamba mwenyewe."

Shwari akaomba. Daktari wa kliniki, mama mmoja mwembamba asiyependa maneno mengi, akajibu kwamba atakuja mwenyewe asubuhi aone boti inavyoshushwa, kisha avuke nayo. Akiridhika, kazi ni ya Shwari.

Jioni ya kuamkia siku hiyo wifi alijitolea kuziosha boti zote mbili. "Nenda kalale," alimwambia, "uso usije ukavimba daktari akadhani unaumwa." Asubuhi akamkabidhi ufunguo wa injini. "Boti inang'aa kama kijiko. Kizibo nimeshafunga."

Wakaja kwenye foleni, Shwari mbele, wifi nyuma yake na boti yake. Mbele yao kulikuwa na wavuvi wawili waliokuwa wakigombana kuhusu kamba, kwa hiyo walisimama pale kitambo kizuri. Msimamizi wa mteremko, mzee wa viatu vya mpira na filimbi shingoni, ambaye watu walimwita Bwana Foleni, alikuwa akiwapulizia filimbi ili wapeleke ugomvi wao pembeni.

Shwari alikuwa mtu wa kuangalia. Akiambiwa mlango umefungwa, ataenda kuusukuma. Akashuka kwenye gari azunguke nyuma akaguse kwa kidole chake, kama kawaida yake. Hakufika hata usawa wa gurudumu. Daktari alikuwa amefika, amesimama na masanduku yake mawili ya dawa, akamwita kwa salamu. Shwari akasimama kumwamkia. Wakati uleule wavuvi wakaondoka, mteremko ukawa wazi, filimbi ikalia, na honi ya wifi ikalia nyuma yake.

"Wifi, zamu yako!" wifi aliita, kichwa nje ya dirisha. "Shuka, usituchelewesheee! Si nimekwambia nimefunga?"

Shwari akaona aibu. Kumweka mgeni na foleni nzima kwa ajili ya kuinama chini ya boti, wakati matayarisho alipaswa kuyamaliza mapema, ndiyo ule ukosefu wa adabu aliofundishwa kuukimbia. Akarudi kwenye gari, akashusha trela. Iliteremka imenyooka kama imepigwa rula. Boti ikateleza majini bila kelele. Akaifunga gatini, akaondoa gari, akaliegesha juu mahali pake. Bwana Foleni, ambaye huwa hasifii kitu, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Aliporudi kwa miguu alimkuta daktari amesimama gatini na masanduku yake, haingii.

"Mama," daktari alisema, "boti yako huwa inakaa hivi?"

Nyuma ya boti ilikuwa imezama kama mtu aliyekaa vibaya. Maji yalishafunika sakafu, koti moja la kuokolea lilikuwa linaelea ndani, na betri ilikuwa inaanza kuoga.

"Kizibo!" Bwana Foleni alipiga kelele. "Leta trela! Leta trela haraka!"

Shwari alikimbia. Lakini aliporudi na gari, wifi alikuwa ameshaingia mteremkoni, trela yake imekaa katikati ya saruji.

"Nipishe, wifi!"

"Nimeshashuka, nimalizie tu! Nikipanda sasa hivi si ndiyo tutachelewa zaidi?"

Akamalizia. Wale wavuvi waliokuwa wakigombana waliruka majini na ndoo, wakawa wanachota huku mmoja ameziba tundu kwa kisigino. Boti ya Shwari ilipotolewa, ilimwaga maji kama mtungi uliopasuka. Injini ilikuwa imeingia maji. Daktari alitazama saa, akatazama masanduku yake.

"Dawa zina baridi yake, haziwezi kusubiri," alisema. "Kuna mwingine anayeweza kunivusha?"

"Mimi hapa, daktari," wifi alisema. "Kwa leo tu, kumsaidia wifi yangu."

Kabla ya kuondoka alimkumbatia Shwari. "Nisamehe, wifi. Nilijua nimefunga. Naapa nilijua nimefunga."

Kizibo kilipatikana kwenye ndoo ya kuoshea, chini ya sifongo, nyuma ya pikapu ya wifi. Shwari alikitia mfukoni. Kusahau ni jambo la mtu yeyote, alijiambia. Wifi ameosha boti mbili peke yake akiwa amechoka. Kosa ni langu, sikuangalia. Akashinda na maneno hayo kutwa nzima, akikausha waya kwa kitambaa. Boti yake ilikuwa juu ya trela, kwenye uwanja, tundu likiwa wazi ili maji ya mwisho yatoke. Nyuma yake, karibu kama walivyokuwa asubuhi kwenye foleni, ilikuwa imeegeshwa pikapu ya wifi.

Alasiri sauti ikatoka majini. "Wifi ee! Nishushie trela!"

Hiyo nayo ilikuwa desturi yao. Aliye nchi kavu humshushia trela aliye kwenye maji, na ufunguo huachwa palepale. Shwari alifuta mikono, akaingia kwenye pikapu ya wifi, akakaa kwenye kiti cha dereva. Akainua macho.

Tundu lilikuwa linamtazama.

Hakuhitaji kuinama wala kunyoosha shingo. Boti ikiwa juu ya trela, ile sehemu ya chini nyuma inakaa sawasawa na macho ya mtu aliye kwenye gari linalofuata. Lilikuwa pale, duara jeusi kwenye boti nyeupe iliyong'aa kama kijiko. Kizibo kingekuwapo, shaba ingemeta. Shwari alikaa na ufunguo mkononi. Akawakumbuka wavuvi na kamba yao, na muda wote ule wa kusubiri. Wifi alikuwa amekaa hapa, kwenye kiti hiki. Na swali, ambalo hata waliochukiana waliulizana, hakuliuliza. Alipiga honi.

"Wifi! Umelala?"

Shwari alishika usukani kwa chini, mkono ukaenda kushoto, trela ikaenda kushoto. Aliishusha vizuri, ikazama kwa kiasi chake. Akatoka, akapokea kamba, akavuta. Hakutupa kamba, hakumwacha mtu majini. Boti ilipokaa kwenye trela, wifi akaruka chini, uso umejaa habari.

"Yule daktari bwana! Haongei. Lakini alivyoshuka akasema..." Akakatiza. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Nilikaa kwenye kiti chako."

"Sasa?"

"Uliliona tundu, wifi. Tangu foleni ulikuwa unaliona."

Wifi akasema, kwa sauti ndogo:

"Nilijua utaangalia. Wewe huachi kuangalia."

"Na nilipoacha?"

Filimbi ililia, watu walikuwa wanasubiri mteremko. Wifi alishika kamba akaikunja, akaikunjua.

"Jana nilisahau, hiyo ni kweli tupu. Kwenye foleni ndiyo nikaona. Nikasema nashuka nimwambie. Halafu daktari akaja..." Akaacha kukunja kamba. "Abiria wangu wa soko wamehamia boti kubwa, wifi. Muda mrefu sasa. Ningekwambiaje, wakati nimeshakwambia wananitosha?"

"Ungeniambia hivyo hivyo. Tungeomba pamoja, tungepokezana."

"Usimwambie kaka."

Shwari alimtazama mtu aliyempangia madumu uwanjani, aliyecheka mpaka akakaa chini. Akamrudishia ufunguo wake, akauweka kwenye kiganja taratibu usianguke.

"Toa gari, wifi. Watu wanasubiri."

Kesho yake alimpigia daktari na kumweleza kwamba injini imepona. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Mama, sina ubaya na wewe," alisema, "lakini mimi napakia dawa na watu. Siwezi kupakia kwenye boti niliyoiona inazama ikiwa imefungwa gatini." Shwari akasema ameelewa, na kweli alielewa. Jina la wifi hakulitaja, si kwa daktari, si kwa mumewe. Mumewe alitafuta mnunuzi.

Asubuhi mnunuzi alipokuja kuijaribu boti, Shwari aliingia kwenye foleni akiwa naye pembeni, mtu mnene mwenye furaha aliyegusa kila kitu kwenye gari. Mbele yao ilikuwa boti ya wifi, na daktari alikuwa anasubiri gatini na masanduku yake. Kutoka kwenye kiti chake Shwari aliona kizibo wazi kabisa, shaba inameta kwenye jua. Kilikuwapo, tena kimekazwa.

Wavuvi walikuwa wanawaangalia. Bwana Foleni alikuwa ameshika filimbi lakini hapulizi. Wifi alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari lake, hajapanda, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Shwari alitoa kichwa dirishani.

"Boti ya mbele!" aliita, kwa adabu, kama anavyoitwa mtu ambaye humjui. "Kizibo?"

Wifi alimtazama. Akazunguka nyuma ya boti yake, akainama, akanyoosha kidole, akakigusa.

"Kipo," alisema.

"Asante," Shwari alijibu, akasubiri zamu yake.