Sauti Iliyokatwa

"Wewe ndiye Amino wa simu?" mwanamke aliuliza kwa simu kutoka Buna. "Uliniambia nimpe dawa ya manjano. Nimempa ngamia wangu, amekufa."

Amino aliketi juu ya gunia la chumvi dukani kwake Galbet, mjini Garissa. Miaka kumi na tisa ameuza dawa za mifugo, na wateja humtania kwa kurudia jambo moja: dawa ya manjano ni ya ng'ombe, ngamia inamuua. Hata katika programu ya simu aliyoitengeneza Mwalimu Mutiso wa chuoni, ambamo sauti ya Amino huwatajia wafugaji vipimo vya dawa kwa Kisomali, alikuwa amemalizia hivyo. "Ngamia usimpe." Alikumbuka vizuri kabisa.

"Hiyo programu uliipata wapi, abaayo, dada yangu?"

"Muuza dawa alinirushia. Jina langu Weris. Na sauti ni yako." Akakata.

Adhuhuri Mutiso alikuja na nakala ileile inayozunguka Buna. Waliisikiliza wakiwa wameinamia meza. Sauti ya Amino ilitaja dawa, uzito wa mnyama, maji ya kuchanganyia. Kisha ikaishia hapo, bila onyo la ngamia.

"Kuna mtu ameifungua, akakata sentensi, akaifunga tena," Mutiso alisema. "Ana dawa ya kuuza, na wateja wake wanafuga ngamia."

"Kwa hivyo mimi nimeua ngamia ya watu na mdomo yangu."

"Si wewe, Mama."

"Mdomo ni yangu, Mwalimu."

Aliona aibu kama mtu aliyevuliwa shuka sokoni. Mutiso akaeleza kwamba ataweka kufuli: programu itajikagua kila inapofunguliwa, na ikikuta imeguswa popote itagoma.

"Na ile iko Buna tayari?"

Mutiso alikuna kidevu. "Ile imeshatutoka mikononi."

Amino akataka kurekodi upya. Safari hii hakuliacha onyo peke yake mwishoni, mahali pa kukatika kirahisi. Alilichanganya na kipimo kwa pumzi moja, ng'ombe si ngamia, pakiti moja si ngamia, maji si ngamia, mpaka Mutiso alipojaribu kulitoa kwa kompyuta yake akabaki na vipande visivyoeleweka. Walicheka kidogo. Kisha Amino akampigia Weris.

"Sauti yako siiamini tena," Weris alisema. "Mpaka inijibu. Warran?"

Ndivyo Wasomali wanavyoombana habari, na anayeulizwa hutoa; sauti iliyorekodiwa haiwezi. Amino alisema mto umepungua, mdogo wake Shamso amejifungua pacha, joto halijawahi kuwa hivi. Akasema pia kwamba tangu asubuhi hajala kwa sababu ya ngamia yule. Weris alimsikiliza hadi mwisho.

"Sasa niambie ile dawa," alisema.

Alhamisi, Amino akiwa bado anahangaika na kufuli la mlango wa duka, simu iliita. Ilikuwa namba asiyoijua, mzee wa Kutulo. Nyuma yake ngamia alikuwa akiguna kwa maumivu.

"Sindano iko mkononi," mzee alisema. "Sauti yako kwenye programu imeniambia nimchome. Weris amesema nikuulize wewe kwanza. Warran?"

Amino aliziacha funguo zikining'inia mlangoni, akaanza kumpa habari za Garissa, harakaharaka ili aifikie ile dawa, huku simu ya mtu mwingine ikibisha sikioni.