Mkono wa Nahodha

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kulificha hilo. Kwa hiyo siku ile afisa ustawi wa jamii alipomwonyesha kaka yangu kadi yenye picha ya kikombe na kumuuliza, kwa sauti ya kumbembeleza mtoto, hiki ni nini, niliuma meno nikanyamaza, na kunyamaza kule kulinitoa jasho. Kaka alikitazama kikombe, kisha akaitazama dari. Akaonyeshwa kitanda, akaitazama dari. Akaonyeshwa mti. Afisa akaandika.

Kaka yangu huyo, wa pili kuzaliwa, alikuwa mchora mabango. Miezi saba nyuma alipatwa na kiharusi, kikamchukulia mkono wa kulia, nusu ya nguvu za mguu, na maneno yote. Mimi nilikuwa naapa kwamba akili kilimwachia, lakini kiapo changu hakikuwa na uzito, maana mimi ni kitinda mimba na sifa yangu nyumbani ni ubishi. Kaka Mkubwa, fundi wa majokofu, alikuwa amembeba mgongoni mara mbili kutoka bafuni alikoanguka, na sasa alikuwa amefika mwisho. Alitaka apelekwe kituo cha kutunzia wagonjwa, safari ya siku nzima kutoka nyumbani. Mtu asiyejua kikombe, alisema, hawezi kuachwa peke yake wakati sisi tuko kazini. Uamuzi ulikuwa wa afisa. Akiandika kwamba mgonjwa anaelewa na anaweza kujisemea, anabaki. Akiandika vinginevyo, Alhamisi gari linakuja.

Nikaomba nusu saa. Nilimwambia afisa kwamba kadi zile ni matusi kwa mtu aliyeandika mabango ya nusu ya maduka ya mtaa huu, na kama anataka kuona akili ya kaka iko wapi, aje chumba cha nyuma.

Kaka Mkubwa akaguna, akamwambia afisa ajiandae kuonyeshwa vidoli.

Haya, vidoli. Katika chumba cha nyuma kuna mlango wa zamani tuliolaza juu ya matofali ukawa meza, na juu yake kuna chombo cha anga kilichojengwa kwa vifuniko vya chupa, mabati ya redio mbovu na makasha ya dawa. Zamani kulikuwa na tamthilia ya anga za juu kwenye televisheni. Ikakatizwa chombo kikiwa njiani, abiria wote wamelala, na hakuna aliyetuambia kama walifika. Mimi na kaka hatukukubali. Tukaiendeleza wenyewe. Tulikusanya sanamu za plastiki zenye viungo vya kukunjika, kimo cha shubiri, tukazifumua na kuziunda upya, kichwa cha hii na miguu ya ile. Kwa kuwa kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, pua na mashavu na helmeti nilizifinyanga kwa ile plastiki ya waridi ya kutengenezea fizi, kaka akazipaka rangi mpaka unahisi unatazamwa. Chini ya nyayo tulitia sumaku ili zisimame. Tulisogeza, tukapiga picha, tukaandika maneno chini yake, tukawatumia mashabiki kwa simu. Kaka akiridhika na mkao wa sanamu hakusema neno hata enzi za kusema kwake. Aligonga meza mara mbili, yaani piga.

Sehemu ishirini na mbili tulizituma namna hiyo. Watu mia mbili na ushee walikuwa wakizifuata, wengi wao hatujui hata sura zao. Ya mwisho, ile ya chombo kutua, ilikuwa haijapigwa picha wakati kiharusi kilipofika. Siku ile kaka alianguka akiwa na Nahodha, sanamu ya mwendesha chombo, mkononi, akamlalia, Nahodha akapondeka. Wiki ya kuja afisa nilimuunda Nahodha mwingine kwa vipuri, saa za chakula cha mchana, nimejificha nyuma ya mashine ya kusagia meno. Nilijua kaka akikaa mbele ya meza ile, akimshika Nahodha na kumweka kwenye usukani, hakuna afisa atakayeandika upuuzi.

Basi tukaingia. Afisa alipewa kigoda. Kaka Mkubwa akasimama mlangoni, amekunja mikono. Nilimketisha kaka, nikawasha taa mbili, nikaisimamisha kamera kwenye stendi yake, nikazipanga sanamu: Mekanika, fundi wa chombo, na miwani yake ya kukuzia pembeni, sanduku lake jekundu miguuni, Nahodha katikati. Nilimwambia kaka, taratibu, amweke Nahodha mahali pake.

Alinyoosha mkono wa kushoto akamchukua. Akamsogeza karibu na jicho. Akamgeuza. Kisha akanitazama mimi, muda mrefu, akatikisa kichwa.

Nikamwelekeza usukani ulipo. Akatikisa kichwa tena, safari hii kwa nguvu. Niliona kalamu ya afisa ikisogea. Nikamsihi kwa sauti ya chini, nikamwambia afanye kama anavyojua, tafadhali, kitu kimoja tu. Kaka akambana Nahodha katikati ya magoti, akaushika mkono wa kulia wa ile sanamu kwa vidole vyake vya kushoto, akaupinda hadi ukakatika. Begani pakabaki kidonda cha rangi ya waridi.

Afisa alirudisha kigoda nyuma. Nilikuwa karibu naye, nikayasoma maandishi yake: anaharibu vitu, huenda akajidhuru.

Hapo nikapandwa. Sijivunii. Nilimfokea kaka yangu mgonjwa mbele ya mtu baki, nikamuuliza kama anajua nimeshinda michana mingapi bila kula kwa ajili ya mkono huo, kama anataka wamchukue, kama anataka kwenda akatazame dari za watu. Nikachukua gundi ili niurudishe. Kaka akaipiga ile gundi ikaniponyoka, ikabiringika uvunguni. Afisa akafunga jalada lake, akasimama, akasema kwa upole kwamba ameona ya kutosha, na kwamba pole sana.

"Huo mkono hana."

Ni Kaka Mkubwa, pale mlangoni. Hakumtazama mtu. Alikuwa anaitazama meza.

"Nahodha hana mkono wa kulia," akasema. "Ulikatika sehemu ya tisa, mlango wa injini ulipomwangukia. Kuanzia hapo anaendesha kwa kushoto. Huyu ndiye kakosea, si yeye." Akaninyooshea kidole. Kisha akamgeukia afisa. "Muulize ule mkono uliwekwa wapi. Usimwonyeshe kadi. Muulize kama unavyomuuliza mtu mzima."

Afisa alisita. Akaketi tena. Akamuuliza kaka, kwa sauti yake ya kawaida, baada ya ajali mkono wa Nahodha ulikwenda wapi.

Kaka hakuitazama dari. Alichukua kile kipande cha mkono, akalivuta sanduku jekundu la Mekanika, akalifungua kifuniko kwa ukucha, akaulaza mkono ndani, akafunga. Mezani palikuwa na mapipa, makabati na matundu kumi ambamo angeweza kuutia.

Nilifungua simu, nikaitafuta sehemu ya tisa, picha ya mwisho. Mekanika amepiga magoti, sanduku jekundu liko wazi, mkono umo ndani. Ya miaka minne iliyopita. Nikampa afisa simu, na kumbe nalia.

Lakini sikuwa nimesahau kwamba Nahodha hana mkono, huo ndio ukweli, na ulinichoma pale pale nilipoiona picha. Nilipokuwa namuunda Nahodha mpya, kiungo cha kwanza kukishika kilikuwa mkono wa kulia. Niliukunja, nikaunyoosha, nikaupaka rangi kuliko uso. Kati yake na kaka, nilitaka mmoja awe mzima. Kaka aliliona hilo mara tu alipomgeuza mkononi, na ndiyo maana alinitazama vile.

Afisa aliitazama simu, akalitazama sanduku. Akafungua jalada, akaukata mstari aliouandika, akaukata tena juu yake. Kisha akamsogelea kaka na kumuuliza kama anataka kukaa hapa nyumbani. Kaka akamtazama machoni, akainamisha kichwa mara moja, polepole, afisa asije akasema hakuona.

Afisa akauliza nani atakuwa naye mchana. Swali hilo lilikuwa la haki tangu mwanzo. Kaka Mkubwa akasema majokofu yanaweza kutengenezwa hata barazani. Atahamisha benchi lake. Alisema hivyo kwa kununa.

Nikamuuliza tangu lini anafuata hadithi yetu. Aliinama, akaiokota gundi uvunguni, akaitia mfukoni mwake.

Kaka naye alikuwa na kazi zake. Alimsimamisha Nahodha kwenye usukani, sumaku ikashika. Akaukunja ule mkono wa kushoto kidogo kidogo, mpaka kiganja kikakaa juu ya mpini wa usukani. Akarudisha mkono wake mwenyewe kando, akagonga meza mara mbili.

Mimi nilikuwa bado nafuta macho.

"Piga basi," akasema Kaka Mkubwa. "Tumesubiri miezi saba."