Sauti ya Shangazi

Wataalamu waliokuja kuijenga upya stesheni walifika asubuhi moja wakiwa na kofia nyeupe za plastiki, wakajipanga kupiga picha mbele ya lango kubwa la ukumbi dakika ileile ambayo treni ya saa mbili ilikuwa inamwaga watu elfu mbili. Walizolewa. Kofia zilibingirika mpaka kwa wauza magazeti, na mmoja wao akaonekana anasukumwa kinyumenyume hadi barabarani, mikono juu. Shangazi aliyaona yote hayo kutoka dirishani kwake, akasonya, akasema peke yake, "Haya, na hawa ndio watakaotufundisha stesheni."

Shangazi halikuwa jina lake. Ndivyo abiria walivyomwita, ingawa hakuna aliyemjua kwa sura. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa katika chumba kidogo juu ya ukumbi, nyuma ya kioo chenye vumbi, yeye na kipaza sauti, daftari na simu nyeusi ya mezani. Sauti yake ilikuwa nzito, isiyo na haraka, kama ya ndugu wa baba anayekuita ule kabla chakula hakijapoa. Akisema jukwaa namba tano, watu waliokota mizigo wakaenda jukwaa namba tano bila hata kutazama ubao. Hakuwahi kuwapeleka siko, hata mara moja, na hilo ndilo pekee alilojivunia duniani. Mengine yote aliyaona ya kawaida, hata watoto wake.

Reli za pale zilikuwa kongwe. Treni iliyoandikiwa jukwaa la pili ingeweza kuletwa la sita dakika za mwisho kabisa, kwa sababu jua likiwaka sana kuna swichi ya kuhamishia treni njia, karibu na tangi la maji, ambayo hushika na kugoma. Aliyeamua ni mzee wa kibanda cha kubadilishia njia, ambaye wote walimwita Miwani kwa unene wa vioo vyake. Miwani akishaamua, simu nyeusi ililia. "Dada, namleta sita," basi, anakata. Hata hapo Shangazi hakufungua mdomo mpaka aione treni kwa macho yake inalipita tangi. Kutoka tangini hadi jukwaani ni dakika tatu, na ukumbi wa zamani ulikuwa wazi, kila jukwaa hatua chache tu, kwa hiyo dakika tatu zilimtosha hata bibi mwenye mizigo miwili na mjukuu mbishi.

Mkubwa wa mradi wafanyakazi walimpachika jina la Bwana Mchoro. Ukimwambia paa linavuja, anakunjua mchoro. Ukimwambia watu wamebanana, anakunjua mchoro, anaweka kidole mahali palipo tupu na kusema, "Lakini hapa kuna nafasi." Viatu vyake vilichongoka kama kalamu. Siku alipopanda chumbani kwa Shangazi alikuja na kikombe cha zawadi, chenye picha ya stesheni ambayo ilikuwa haijajengwa.

"Mama, nchi nzima inaipenda sauti yako," alisema. "Tunataka tuirekodi, ikae kwenye mfumo."

"Na mimi je?"

"Wewe ndiye utakayebonyeza, mama. Nani mwingine?"

Shangazi alimweleza habari za swichi, za Miwani, za tangi la maji. Bwana Mchoro alitikisa kichwa muda wote kama mtu anayesubiri mvua ikatike. "Abiria wa kisasa anaambiwa jukwaa dakika ishirini kabla," alijibu. "Ndivyo wanavyofanya wenzetu."

"Wenzetu swichi zao hazigomi."

"Na zetu hazitagoma. Ziko kwenye awamu ya pili."

Shangazi alipaswa kumtupia kikombe chake. Badala yake alikwenda nyumbani akamsimulia kitinda mimba wake, na yule binti akaruka kwa furaha: "Mama, utasikika hata ukiwa umekufa!" Kichwa kikamvimba. Siku mbili alikaa kwenye kijichumba kilichofunikwa magodoro ukutani, akasema moja hadi nane, saa zote na nusu zake, miji yote, na "tafadhali simameni nyuma ya mstari". Kijana wa mitambo akamsifu, naye akachekelea kama mwari. Baadaye, kila alipokumbuka kicheko kile, alijidharau kuliko alivyomdharau Bwana Mchoro, na dharau yake kwa Bwana Mchoro haikuwa ndogo.

Ukumbi ukavunjwa. Juu ya reli wakainua daraja la vioo lililojaa maduka ya manukato na saa za mkononi, na kutoka darajani kila jukwaa likawa na ngazi zake za umeme. Aliyeshuka la pili naye anatakiwa la sita, apande tena, ayapite manukato yote, ashuke upya. Jua lilipenya vioo vile likawapika watu hai, na benchi ziliwekwa tatu, za chuma, zenye mteremko ili mtu asizoee kukaa. Maua ya plastiki yalipangwa kwenye vyungu, na kila asubuhi wafagizi waliyamwagilia maji, kwa kuwa mkataba wa usafi ulisema maua yamwagiliwe.

Chumba cha Shangazi kilikwenda na ukumbi. Alipouliza atabonyezea wapi, aliambiwa mfumo unajibonyeza wenyewe kwa kufuata ratiba. Simu nyeusi ilikatwa waya na kutupwa kwenye lori la vifusi. Yeye alipewa utepe wa kijani wa kuvaa begani, umeandikwa NIULIZE, akasimamishwa karibu na duka la saa. Watu walimuuliza vyoo viko wapi.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikata utepe saa tisa na kuanza kuhutubia. Jua lilikuwa kali. Saa kumi na dakika kumi, hotuba ikiendelea, sauti ya Shangazi ilimwagika kutoka kwenye dari: "Treni ya saa kumi na nusu, jukwaa namba mbili." Ilikuwa ndiyo ya mwisho ya siku kwenda upande ule, na ikishaondoka hakuna nyingine hadi kesho yake. Mamia waliokota mizigo yao kwa pamoja na kushuka la pili. Shangazi aliisikia sauti yake mwenyewe ikitangaza ilhali yeye amefumba mdomo.

Saa kumi na dakika ishirini simu yake ya mkononi ikaita. Alikuwa Miwani.

"Dada, swichi imeshika. Namleta sita. Nimepiga ile simu yetu, haiiti kabisa."

Alimkuta Bwana Mchoro nyuma ya mgeni rasmi, anapiga makofi mahali pasipo na sababu. Akamvuta mkono wa koti.

"Inakuja sita. Watu wote wako la pili. Zima mtambo wako, nipe kipaza sauti."

"Mama, mfumo ndio unaotangaza."

"Mfumo wako umepotea!"

"Tukiuzima mbele ya mgeni tutaonekana vipi?" alinong'ona, huku akiendelea kutabasamu kwa ajili ya picha. "Tutalijadili kwenye kikao cha Jumatatu."

"Jumatatu? Na leo watu hawa watalala wapi?"

Bwana Mchoro alimgeuzia kisogo. Hata shingo yake ilikuwa imenyolewa kwa mchoro. Shangazi aliukwanyua ule utepe wa kijani, akamtupia kwenye viatu, akakimbia. Miaka ishirini na sita ya kukaa kitini haimfundishi mtu mbio. Alifika chini jukwaa la pili koo limemkauka, anahema kama aliyepandisha gunia ghorofani.

"Jamani!" alipaza. "Inaingia sita! Nendeni sita!"

Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, ya mwanamke yeyote aliyechoka. Waliokuwa karibu walimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Wa mbali hawakusikia kitu.

"Nani kasema?" aliuliza baba mmoja mwenye begi la fundi umeme.

"Mimi nasema. Shangazi ni mimi!"

Watu wakacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama wanavyomcheka mtu anayedai ni ndugu wa mkubwa fulani. Na papo hapo, kutoka juu, ikashuka ile sauti nzito isiyo na haraka: "Treni ya saa kumi na nusu, jukwaa namba mbili. Tafadhali simameni nyuma ya mstari." Wote, mamia yote, wakarudi hatua moja nyuma ya mstari.

"Msimsikilize huyo!" Shangazi alipiga kelele, akinyoosha kidole darini. "Anawadanganya!"

Bibi mmoja aliyekalia mizigo yake miwili alimshika mkono kwa huruma. "Kaa hapa mwanangu, upumzike. Sisi tunamsikiliza Shangazi. Tangu naolewa napanda treni hapa, hajanidanganya hata siku moja."

Treni ikalipita tangi la maji, ikakata kushoto, ikaingia la sita. Waliiona wote, ng'ambo ya reli nne, inafungua milango mbele ya jukwaa lisilo na mtu. Vijana walikimbilia ngazi za umeme, wakabanana pale chini, begi likanasa, mtoto akaanza kulia. Dakika mbili za kusimama zilizoandikwa kwenye ratiba zilipita. Milango ikafungwa na treni ikaondoka na viti vyake vyote.

Bibi hakuwa ameinuka. Aliitazama mpaka behewa la mwisho lilipopotea, kisha akaangalia juu, kule darini ilikotoka sauti, akauachia mkono wa Shangazi na kusonya, msonyo mrefu wa kutoka tumboni.

"Kumbe na Shangazi naye ni walewale," alisema.