Picha ya Desemba

Alasiri, jua lilipofika dirisha la magharibi la studio ya Mzee Suhaib pale Mirongo, Kashindye alisogeza meza yake karibu na kioo, akachonga penseli, akainoa kwa msasa mpaka ncha ikawa nyembamba kama sindano, kisha akaanza kuteremsha theluji juu ya mawe ya Mkuyuni.

Kazi hiyo hufanywa kwenye negativu, siyo kwenye picha. Katika negativu kila kitu kimegeuka: cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe. Anayetaka theluji hupaka penseli kidogo kidogo, mkwaruzo juu ya mkwaruzo, na picha ikisafishwa, palipopakwa hutoka peupe. Kashindye alikuwa amejifunza kazi hiyo kwa kuondoa chunusi kwenye nyuso za maharusi. Milima aliiona rahisi kuliko nyuso, maana mlima hauji kulalamika.

Picha zilikuwa za kalenda ya kiwanda cha minofu ya sangara. Afisa masoko wa kiwanda, Bwana Venant, alieleza haja yake siku ya kwanza akiwa amesimama, kwa sababu hakutaka suruali yake iguse kiti.

"Wateja wetu wako Ulaya," alisema. "Ukiwaonyesha ziwa lenye jua, wanasikia harufu. Mtu akisikia harufu kwenye picha, hanunui samaki. Nataka Mwanza ya baridi. Milima, theluji, maji yametulia."

"Si ukapige Kilimanjaro?" aliuliza Mzee Suhaib.

"Sangara anavuliwa Kilimanjaro, mzee?"

Mzee Suhaib hakuwa na nafasi ya kubishana. Ng'ambo ya barabara ilikuwa imefunguliwa mashine ya picha za rangi, inayotoa picha mteja akiwa bado hajamaliza soda yake, na tangu hapo kiti cha studio kilikuwa hakikaliwi hata na wasio na suruali za kuchunga. Alichukua kamera yake ya miguu mitatu, akaenda ufukweni, akalala kifudifudi kwenye mchanga akitazama mawe kwa chini mpaka yakafunika anga. Alikuwa na sharti moja tu, na alimkumbusha Kashindye kila siku.

"Asionekane mtu. Mtu akionekana, mlima unarudi kuwa jiwe. Mbuzi hivyo hivyo. Hata ndoo."

Theluji ya kwanza ilianguka Mkuyuni siku ile ile picha ya Januari iliposafishwa. Ilianguka juu ya jiwe lililopigwa picha, ikaishia pale penseli ilipoishia. Wanawake wanaoanika mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki kiwandani minofu ikishatolewa, walisogeza vichanja vyao kwenye jua. Balozi wa nyumba kumi, Masele, alipita, akaichoma kwa fimbo, akasema madhali haijaziba njia ya kisimani, haina neno. Mnandi, wale ndege weusi wa ziwani, waliokuwa wakitua pale walihamia jiwe la pili, na jiwe la pili lilipopata Februari wakahamia la tatu. Kiwanda kiliacha kutengeneza barafu, kikawa kinaleta trekta kuzoa theluji.

Picha ya Machi ndiyo iliyoleta tabu. Ukingoni mwa negativu kulikuwa na alama ndogo kama punje ya ulezi, na Kashindye, akidhani ni vumbi, aliifunika. Ilikuwa nyumba ya Paskazia, muuza mapanki. Jioni Paskazia alirudi kutoka sokoni akakuta mteremko mweupe. Alizunguka huku na huku, akauliza majirani, nao wakamwonyesha palipokuwa na mlango. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba sufuria yake ilikuwa jikoni, akaondoka kwenda kuishi kwa kaka yake, mtaa wa Pasiansi.

Kashindye alipopata habari alikimbilia negativu ya Machi na pamba yenye spiriti, kwa sababu penseli hufutika. Aliifuta yote. Lakini Mzee Suhaib alikuwa ameshainakili kwenye filamu mpya, ile ya kupelekwa kiwanda cha uchapaji, na kwenye filamu mpya hakuna penseli. Theluji imeingia ndani ya filamu yenyewe. Mkuyuni haikuyeyuka hata tone.

Tangu siku hiyo alikagua kila negativu kwa kioo cha kukuzia kabla hajaigusa. Ndivyo alivyoiona nyumba ya mama yake kwenye picha ya Desemba.

"Hii ndiyo ya jalada," alisema Bwana Venant, akiinua picha ya majaribio. Jiwe lilikuwa zuri kuliko yote, limechongoka juu, na chini yake maji kama kioo. "Ila kuna kibanda hapa. Kiondoeni."

"Anakaa mama," alisema Kashindye.

"Simwondoi mama yako, dada. Naondoa kibanda kwenye picha."

"Paskazia naye aliondolewa kwenye picha tu."

Bwana Venant aliiweka picha mezani. Hakukasirika. Alieleza taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba kiwanda kinapanuka na bodi inataka ufukwe ule. Maofisa wa ardhi wangekuja na kalenda mkononi, kwa sababu ramani ya zamani ilikuwa imechanika, na wangetazama kama eneo lina watu au halina.

"Tutapiga jiwe lingine, bwana," alisema Mzee Suhaib. "Ufukwe una mawe kama nyota."

"Nimependa hili. Au niwaulize wale jamaa wa ng'ambo? Nasikia wao hawana mama Mkuyuni."

Mzee Suhaib alitazama ng'ambo ya barabara, ambako watu walikuwa wamepanga mstari na chupa za soda mikononi. Kisha akatazama viatu vyake.

Kashindye alishuka Mkuyuni kabla jua halijazama. Mama yake, Dorotea, alikuwa anageuza mapanki kwenye kichanja, upande mmoja umekauka na mwingine bado.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Huyo mzee wako anakulisha dawa za picha?"

Kashindye alimweleza yote. Dorotea alisikiliza huku akigeuza. Alipofika mwisho wa kichanja alipangusa mikono kwenye khanga.

"Nihamie wapi?"

"Tutakaa wote chumbani kwangu. Ni siku chache tu, mama, mpaka niifute. Akishaiona picha na kuondoka, naifuta kabla haijanakiliwa. Sitapaka dawa ya kuigandisha penseli. Itatoka kama vumbi."

"Na usipowahi?"

Kashindye aligeuza panki lililokuwa limeshageuzwa.

"Basi mimi nakaa ndani," alisema Dorotea. "Nikitoka watasema palikuwa hapana mtu, na watakuwa hawajadanganya. Niletee sweta lako la shule. Na kiberiti."

Kesho yake Kashindye alichonga penseli. Alianza na kilele, akashuka mabegani mwa jiwe, akaacha nyumba mpaka mwisho. Hata kwa uso wa bibi harusi mwenye ndui alikuwa hajawahi kuegemeza mkono, lakini siku hiyo aliuegemeza kwenye mkono mwingine. Alifunika vichanja. Alifunika njia ya kisimani. Alifunika ukuta, kisha paa, kisha mlango. Muuza mkaa aliyetoka Mkuyuni alipita dirishani akasema huko kunashuka kitu kizito, na jiwe la kwa Dorotea limeanza kurefuka.

Bwana Venant aliiona picha, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza akakaa.

"Safi. Inakilini sasa hivi. Gari linasubiri, filamu inakwenda Nairobi na ndege ya leo."

"Tutakuletea kesho asubuhi," alisema Kashindye.

"Sasa hivi, dada. Nitasubiri hapa hapa."

Mzee Suhaib alisimama kando ya sanduku la taa na filamu mpya mkononi. Aliwasha taa nyekundu, akafunga mlango wa chumba cha giza wakiwa wote watatu ndani. Palikuwa pamebanana, panatoka harufu ya siki. Kashindye aliweka negativu juu ya kioo.

"Lazima nipanguse vumbi kwanza," alisema. "Bila hivyo inatoka na madoa."

"Pangusa," alisema Bwana Venant, akainama kutazama.

Kashindye hakuweza kufuta mlima mbele ya macho ya Bwana Venant. Angeuona ukitoka. Kashindye alisokota pamba kwenye kijiti cha kiberiti, akaichovya kwenye spiriti, akapitisha mkono wa kushoto juu ya negativu kama anayekinga taa, na chini ya kivuli cha mkono huo akagusa mahali pamoja, pale alipoifunika nyumba. Mara moja, mara ya pili. Alipotaka kugusa njia ya kisimani, Bwana Venant akasema, "Vumbi gani hilo lisilokwisha?"

Kashindye akainua mkono. Mzee Suhaib aliinama juu ya kioo. Macho yake yalikuwa yamezeeka kwa nyuso za watu wote wa Mwanza, na aliiona alama ya nyumba iliyofunuliwa. Alimtazama Kashindye. Alikuwa na uwezo wa kumpa kijiti aendelee, na alikuwa na uwezo wa kuifunika ile alama. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alilaza filamu mpya juu yake, akafunga kifuniko, akabonyeza taa.

Kwenye picha ya Desemba nyumba ya Dorotea ilibaki alama nyeusi isiyozidi kichwa cha pini. Nyumba haikupungua hata tofali, kwa hiyo jiwe lililazimika kukua mpaka nyumba nzima ionekane alama. Likawa mlima kweli, wenye mabonde na mawingu yake. Anayesimama chini hakuweza kuiona nyumba, hata akikinga macho kwa kiganja.

Maofisa wa ardhi walikuja na kalenda. Waliishika juu, wakatazama mlima, wakatazama kalenda, wakakubaliana kwamba vinafanana na kwamba eneo halina makazi. Kashindye aliwaambia kuna mtu. Mmoja wao, kijana mwenye adabu, alimwomba amwonyeshe. Alimwonyesha ile alama. Kijana akaipuliza. Wiki hiyo hiyo uzio wa seng'enge ulipita chini ya mlima, na kiwanda kikaanza kuchimba msingi.

Dorotea hushuka siku za Jumapili. Huanza safari alfajiri, akafika kwenye uzio watu wakitoka ibada ya pili, na mlinzi, ambaye ni mtoto wa Paskazia, humwinulia waya. Huja na sweta la shule limembana mabegani, na mapanki yasiyokauka wala kuoza, magumu kama mbao. Analalamikia kuni, halalamikii upweke. Jumapili moja ya Januari alikunywa chai chumbani kwa Kashindye, akashika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu, nani hao wanaokuna paa langu?"

"Wanakuna vipi?"

"Kama kwa ukucha. Asubuhi, mchana. Bati moja limeshalegea."

Kashindye alielewa. Kiwanda kilikuwa kimegawa kalenda mji mzima, dukani, shuleni, ofisini, hata kwa fundi cherehani wa Mirongo. Kila ukuta ulikuwa na mlima mweupe wa jalada, ambalo hakuna aliyetaka kulifunua, na kila aliyeutazama aliona uchafu mdogo chini ya kilele.

"Ni watu tu, mama. Wanadhani pamechafuka."

"Waambie."

Akaanza kuwaambia. Kila jioni akitoka kazini aliingia mlango mmoja, akasalimia, akaeleza. Fundi cherehani alimsikiliza vizuri, akaigeuza kalenda yake uso ukutani. Mwenye duka la vitenge alicheka, lakini akaacha. Kwa hiyo Kashindye alikuwa bado na matumaini alipopanda ngazi za ofisi ya ardhi kuulizia barua aliyoandika kudai ardhi ya mama yake, akamkuta mkubwa wa ofisi amesimama ukutani na simu sikioni, akimsikiliza mtu wa upande wa pili. Kwa mkono ulio huru alikuwa anakuna alama nyeusi chini ya kilele cha Desemba.

"Shikamoo mzee," alisema Kashindye. "Naomba uache. Hapo kuna mtu."

"Marahaba," alisema yule mzee kwa upole, akalowesha kidole kwa mate, akaendelea.